Kuandika Historia ya Kanisa la Mbao la Kijijini: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila jubilei inapokaribia mimi huletewa rasimu za historia ya kanisa zinazofanana. Ukurasa wa kwanza una picha ya askofu, wa pili una orodha ya mapadre au wachungaji, wa tatu una majina ya kamati ya ujenzi wa kanisa jipya la matofali. Lile kanisa la zamani la mbao, ambalo mababu walilibeba mabegani ubao kwa ubao kutoka msituni, limeachiwa sentensi moja: "Lilijengwa mwaka fulani na Wazungu." Mara nyingi mwaka huo si sahihi. Na mikono iliyolijenga, karibu kila mahali, ilikuwa ya watu wa kijiji hichohicho.

Waandishi hawa si wavivu. Wamekosea mpangilio tu. Wanamwendea mzee, wanamuuliza lilijengwa lini, wanaandika jibu la kwanza, kisha kila kitu kingine kinalazimishwa kukubaliana na jibu hilo. Hapa tutaenda kinyume: jengo kwanza, halafu vitabu, halafu wazee, halafu nyaraka zilizo mbali.

Nimeandika nikiyafikiria makanisa ya nyanda za juu, kuanzia Kilimanjaro, Meru, Usambara na Njombe hadi Kiambu na Nyandarua. Nitasema "parokia", Mlutheri asome "usharika", na mahali pa "kigango" asome "mtaa".

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari mawili yenye jalada gumu: moja la jengo na vitabu, jingine la mazungumzo na wazee.
- Penseli, si kalamu ya wino. Wino ukimwagika juu ya rejista ya mwaka 1910 hakuna wa kuufuta.
- Futi ya kupimia ya mita 30, na mtu wa kushika upande wa pili.
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kutosha, pamoja na chaja ya akiba.
- Tochi yenye mwanga mkali. Ukiiwasha kwa pembeni ya ubao, alama zilizofifia zinaonekana.
- Ngazi imara, barakoa na glavu kwa ajili ya darini.
- Karatasi kubwa za mchoro.
- Fundi seremala mzee atakayekubali kukaa nawe siku moja. Huyu ana thamani kuliko vyote vilivyotangulia.

Jitengee miezi minne. Chini ya hapo utairuka hatua ya tano au ya sita, na ndiko ukweli mwingi uliko.

Kama jengo linabomolewa karibuni: acha kila kitu ufanye Hatua ya 3 wiki hii. Rejista itakuwepo mwakani. Kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) iliyokwisha kupasuliwa kuni haitarudi.

## Hatua ya 1: Omba ruhusa kwa maandishi

Andika barua kwa paroko au mchungaji kiongozi, na nakala kwa halmashauri ya walei au baraza la wazee. Taja mambo matatu: kupiga picha jengo lote hadi darini, kusoma vitabu vya zamani ukiwa ofisini, na kurekodi sauti za wazee.

Kuna sababu ya kusisitiza barua. Vitabu vya kanisa vina siri za watu: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, aliyetengwa na meza ya Bwana, ndoa iliyovunjika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Hata bila sheria, bibi aliyeketi benchi la mbele ana haki ya kutosoma aibu ya mama yake kwenye kitabu cha jubilei. Kubalianeni mapema ni majina ya aina gani hayatachapishwa.

Onyo: ukiambiwa "chukua tu rejista ukasome nyumbani", kataa kwa upole. Rejista nyingi zilizopotea zilitoka ofisini kwa nia njema.

Umefanikiwa pale unapokuwa na karatasi yenye muhuri, na mhudumu wa ofisi anajua siku utakazofika.

## Hatua ya 2: Tenganisha miaka minne

Hapa ndipo rasimu nyingi zinapopotea. Chukua ukurasa mmoja, uandike mistari minne na kuiacha wazi:

1. Mwaka Injili ilipofika eneo hili.
2. Mwaka watu walipoanza kusali pamoja hapa, iwe chini ya mti au katika kibanda cha fito na nyasi.
3. Mwaka jengo hili la mbao liliposimama. Gawa mara tatu: kuanza kujengwa, kuezekwa, kuwekwa wakfu.
4. Mwaka kigango kilipofanywa parokia kamili.

Miaka hii ni mambo manne tofauti, na kati ya wa kwanza na wa nne inaweza kupita miaka themanini. Mzee akisema "kanisa letu lilianza 1912" anaweza kuwa na maana yoyote kati ya hizo. Usipomuuliza ni ipi, utaibandika kwenye ubao uliopigwa misumari mwaka 1936.

Tazama Kilimanjaro. Watu wengi hutaja 1893, mwaka Misheni ya Leipzig ilipofika Machame. Ni kweli, lakini Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) walikuwa Moshi tangu 1885, na waliondoka mwaka 1892 baada ya mvutano na Wajerumani. Anayeandika historia ya kanisa la Old Moshi akianzia 1893 amefuta miaka saba. Kwa Wameru, wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri Oktoba 1896, na misheni ikarudi kuanza upya Nkoaranga mwaka 1902. Huko Magila, mkoani Tanga, padre wa kwanza wa UMCA (misheni nyingine ya Kianglikana) alifika 1868, lakini kituo kilisimama sawasawa mwaka 1875. Katika kila mfano miaka yote ni ya kweli, ila kila mmoja unajibu swali lake.

Umefanikiwa pale unapoweza kumweleza mwenzako tofauti ya mistari hiyo minne bila kutazama karatasi.

## Hatua ya 3: Lisome jengo

Tenga siku mbili nzima na fundi wako. Jengo la mbao halifichi umri wake, ila ni lazima ujue pa kutazama.

Pima na uchore. Urefu, upana, kimo cha ukuta, nafasi kati ya nguzo na nguzo, idadi ya kenchi. Mchoro wa mkono unatosha. Makanisa mengi ya kijijini yalirefushwa, na mchoro ndio unaofichua hilo: nafasi za nguzo zitabadilika ghafla, au upana wa mbao za ukutani hautalingana upande mmoja na mwingine. Mahali hapo ni mshono. Uwekee alama.

Tazama alama za msumeno. Washa tochi kwa pembeni, uelekee upande wa ndani wa ubao ambao haukupigwa randa.

- Mistari iliyonyooka, iliyolala kidogo, na yenye nafasi zisizolingana: ubao ulipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni.
- Mistari iliyopinda kama sehemu ya duara: msumeno wa mashine wa mviringo. Palikuwa na kiwanda cha mbao mahali ambapo mzigo ungeweza kufika.
- Mabonde madogomadogo: boriti ilichongwa kwa tezo au shoka.

Usikimbilie kusema "ni la kale sana" kwa sababu umeona alama za msumeno wa mkono. Upasuaji huo umeendelea misituni hadi vizazi vya karibuni. Kinachosaidia zaidi ni tofauti: nguzo za msumeno wa mkono zikiwa na kuta za msumeno wa mashine, huenda kuta zilibadilishwa baadaye.

Tambua mti. Hapa mwache fundi aongoze. Mtarakwa unanukia kama penseli mpya, maana ndio mti uliotumika kutengenezea penseli. Mkulo una harufu ya kafuri. Podo ni laini, wa rangi ya manjano hafifu, na hauna harufu ya kutambulisha. Kwa ruhusa, fundi akwangue kipande kidogo mahali pasipoonekana, anuse.

Kwa nini tuhangaike na mti? Kwa sababu sipresi, paina na mkaratusi ni miti ya kuja. Ilipandwa wakati wa ukoloni, na sipresi au paina huhitaji miaka ishirini na mitano au zaidi kabla ya kutoa ubao wa maana. Kenchi za sipresi katika kanisa linalodaiwa kuwa la mwaka 1905 ni swali linalodai jibu. Ama jengo ni la baadaye, ama paa lilifanywa upya.

Wapo watakaouliza kuhusu kuhesabu pete za mti. Huko Norway njia hiyo ilionyesha kwamba magogo ya kanisa la mbao la Borgund yalikatwa majira ya baridi ya 1180 kuingia 1181. Kule baridi husimamisha mti kila mwaka. Kwetu, kwenye misimu miwili ya mvua, miti mingi haiachi pete moja safi kwa mwaka, kwa hiyo usiitegemee.

Panda darini. Tafuta mambo manne:

- Namba au alama zilizochongwa kwa patasi kwenye kenchi (I, II, III). Zinaonyesha kwamba kenchi ziliunganishwa chini kwanza, zikahesabiwa, ndipo zikapandishwa.
- Maandishi ya penseli. Mafundi waliandika majina yao, tarehe, hata hesabu za mbao. Piga picha kila herufi.
- Matundu ya misumari yasiyo na kazi juu ya mapao (mbao za kubebea paa). Yakiwa mengi na yamekaribiana, paa la kwanza huenda lilikuwa la nyasi au vigae vya mbao, na mabati yakaja baadaye.
- Chapa ya kiwanda upande wa ndani wa bati. Nakili neno kwa neno hata kama huelewi lugha yake.

Onyo: vaa barakoa. Kinyesi cha popo kilichokauka hutoa vumbi linaloweza kuumiza mapafu vibaya. Tazama nyigu na nyuki kabla ya kupanda. Kanyaga juu ya boriti tu, kamwe usikanyage mbao za dari. Rangi ya zamani usiikwangue, maana huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kengele. Kengele nyingi za misheni zina jina la kiwanda na mwaka kwa herufi zilizoinuka. Bochumer Verein ya Ujerumani, kwa mfano, ilitengeneza kengele nzito za feleji iliyomiminwa kwenye kalibu, zilizosafirishwa mbali sana. Pakaza chaki juu ya herufi ndipo upige picha. Lakini mwaka wa kengele ni wa kengele. Inaweza kuwa ilitangulia jengo kwa miaka ishirini huku ikining'inia kwenye mti, au ilifika baadaye kuchukua nafasi ya kipande cha reli kilichokuwa kikigongwa. Nimeona kijitabu kilichochapishwa kwa mamia ya nakala kikiwa na mwaka wa kengele jaladani kama mwaka wa kanisa. Iliniuma, kwa sababu wazee walilipia uchapaji huo kwa michango ya kahawa.

Umefanikiwa pale unapokuwa na mchoro wenye rangi tofauti kwa kila awamu ya ujenzi, na picha zenye majina yanayoeleweka, kama "kenchi ya 4, upande wa madhabahu, maandishi ya penseli".

## Hatua ya 4: Vitabu vya kanisa

Anza na rejista ya ubatizo. Mihtasari ya vikao iache kwanza. Iliandikwa na viongozi kuhusu mambo ya viongozi. Rejista iliandika kila mtu.

Safu ya kutazama ni ile ya mahali. Fuata ukurasa kwa ukurasa. Kwa miaka mingi utasoma jina la kituo kikuu cha misheni. Siku moja jina la kijiji chenu litatokea kwa mara ya kwanza. Hiyo ni dalili ya mstari wa pili katika karatasi yako ya miaka minne.

Kisha hesabu ubatizo wa kila mwaka, uchore mstari unaopanda na kushuka. Watu wengi wakibatizwa siku moja ambayo si Pasaka, Pentekoste wala Krismasi, jiulize kulikuwa na nini. Huenda askofu alikuja kuweka kanisa wakfu. Ni dalili tu, iandike, uendelee.

Mitego ya tarehe. Hii imewaangusha hata walimu wa historia:

- Katika rejista za Kikatoliki za Kilatini, *7bris* ni Septemba, *8bris* ni Oktoba, *9bris* ni Novemba, na *Xbris* ni Desemba. Wengi husoma 7bris kama Julai.
- Wajerumani waliandika siku, mwezi, mwaka. Wamarekani huandika mwezi kwanza. Makanisa ya Kilutheri ya kaskazini mwa Tanzania yaliyopokea wamisionari wa Augustana kutoka Marekani yanaweza kuwa na mitindo miwili ndani ya kitabu kimoja. Tafuta tarehe yenye namba inayozidi 12 ili ujue mwandishi alifuata upi.
- Mwandiko wa Kijerumani wa zamani una *e* inayofanana na *n*. Usibahatishe. Piga picha, utafute anayeusoma.

Ukimaliza ubatizo, ingia kwenye hesabu za fedha. Tafuta maneno haya: mbao, misumari, bati, fundi, wapagazi, chumvi. (Ndiyo, chumvi. Mahali pengine kazi ililipwa hivyo.) Fedha yenyewe ni saa. Rupia ikigawanywa kwa heller (sarafu ndogo ya Wajerumani), ni kuanzia 1904. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. Ukurasa unaodai kuwa wa 1915 huku ukihesabu shilingi na senti ni nakala iliyoandikwa upya, au tarehe yake si sahihi.

Parokia iliyoanzishwa na White Fathers (shirika la Kikatoliki la Wamisionari wa Afrika) ina hazina ya pekee: kila kituo chao kilitakiwa kuandika shajara, tangu enzi za mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie. Mvua, wagonjwa, ugomvi na chifu, siku gogo lilipoangukia mtu, vyote vimo.

Mapengo. Vitabu vingi vina kurasa tupu au mwandiko mpya ghafla kati ya 1914 na miaka ya katikati ya 1920, na tena baada ya 1939. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa vitani, kizuizini, au wamerudishwa kwao. Usiandike "kazi ilisimama". Kilimanjaro, Leipzig walipoondolewa mwaka 1920, walimu na wainjilisti wazalendo ndio walioendelea kufundisha, kuzika na kushikilia majengo. Pengo la mmisionari ni sura ya mwinjilisti. Mtafute jina.

Onyo: mikono iwe safi na mikavu. Usitumie flashi, kaa karibu na dirisha. Karatasi iliyochanika usiibandike selotepu wala kuifanyia laminesheni. Gundi yake huigeuza kahawia na kuiharibu moja kwa moja. Iweke ndani ya bahasha safi kama ilivyo.

Umefanikiwa pale unapokuwa na orodha ya dalili zisizopungua kumi, kila moja na jina la kitabu na namba ya ukurasa.

## Hatua ya 5: Wazee

Sasa uko tayari, kwa sababu una kitu cha kuwauliza.

Chagua mapana. Wenyeviti wa zamani watakuja wenyewe. Watafute hawa: watoto wa mafundi na wapasua mbao, mpiga kengele, bibi waliobeba maji na kupikia wajenzi, jirani Mwislamu ambaye familia yake ilitoa kiwanja au njia, na waliohamia kanisa jingine. Hawa wa mwisho hukumbuka mambo ambayo waliobaki walikubaliana kuyasahau.

Nenda na mtu wa familia. Amkia kwa heshima ya pale mlipo, pokea ulichokaribishwa, usitoe simu mfukoni kwanza. Anza na maisha yake yeye: "Bibi, wewe ulibatizwa wapi? Nani alikusimamia? Ulivaa nini siku ile?" Mtu akishaingia ndani ya siku yake mwenyewe, jengo linajitokeza lenyewe: sakafu ilikuwa ya udongo, wanaume walikaa kulia, mvua ilivuja juu ya mimbari.

Usiulize mwaka. Uliza kabla au baada. Kabla hujaenda, andika orodha ya matukio yanayojulikana eneo lenu:

- Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907 (kusini)
- Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, na homa kuu ya 1918
- Njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920 (Ugogo)
- Kuanzishwa kwa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, 1933 (Kilimanjaro)
- Hali ya hatari wakati wa Mau Mau, 1952 hadi 1960 (Kenya)
- Uhuru: 1961 Tanganyika, 1963 Kenya
- Azimio la Arusha, 1967. Operesheni Vijiji, miaka ya 1970
- Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979

"Bati liliwekwa kabla ya vita vya Hitler au baada?" ni swali ambalo mzee analijibu kwa uhakika. Marika ya tohara nayo ni kalenda nzuri kuliko nyingi za ukutani: "Waliobeba mbao walikuwa rika la nani?"

Zungumza na mmoja mmoja kwanza, halafu ndipo uwakusanye pamoja kando ya kanisa lenyewe. Ukianza na kundi, mwenye sauti kubwa atakuwa historia ya wote.

Mwanzo wa kila rekodi tamka tarehe, mahali, jina la mzungumzaji, na umsikie akisema anakubali. Ukimkuta amechoka, ondoka. Utarudi.

Kuhusu simulizi tamu. Kila kanisa lina yake. Pale Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, husimuliwa kwamba nguzo fulani zilisimamishwa kichwa chini wakati Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, hayupo, na kwamba msalaba umetokana na mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Simulizi za namna hii zina mahali pake kitabuni. Ziandike ukitumia "husimuliwa kwamba", umtaje aliyesimulia, na usizigeuze ushahidi wa tarehe.

Umefanikiwa pale watu wawili ambao hawakusikiana wanapokupa jambo lilelile, na unapokuwa na majina ya wajenzi ambayo hayamo kwenye kitabu chochote.

## Hatua ya 6: Nyaraka zilizo mbali

Usiandike barua nje kabla ya hatua ya tano. Utauliza swali pana upate jibu la bure. Ukiwa na jina la kituo na miaka mitatu minne ya kuchunguza, watunza nyaraka husaidia kwa moyo.

Nyumbani: Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, hasa majalada ya wilaya kuhusu viwanja vya misheni na vibali vya kukata miti. Nje, fuata waliowaletea Injili. Nyaraka za Misheni ya Leipzig zimehifadhiwa Halle, Ujerumani, katika taasisi ya Franckesche Stiftungen. Za Wamoravian ziko Herrnhut, Ujerumani. Za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Za UMCA ziko Oxford. Za White Fathers ziko Roma. Kwa kusini mwa Tanzania, abasia za Peramiho na Ndanda zina kumbukumbu zao hapohapo.

Picha za zamani za misheni, zikiwemo nyingi za Kilimanjaro, zimewekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Southern California. Tafuta kwa jina la kituo kama Wajerumani walivyoliandika: "Madschame", "Mamba", "Moschi". Magazeti ya Kiswahili ya kabla ya Vita ya Kwanza, kama *Pwani na Bara*, *Rafiki Yangu* na *Habari za Mwezi*, yalichapisha habari kutoka vituoni, mara nyingine zikiwa zimeandikwa na walimu wenyewe.

Picha ikija, usiamini maelezo yake mara moja. Ilinganishe na mchoro wako: idadi ya madirisha, mteremko wa paa, mlima au kilima nyuma.

## Hatua ya 7: Daftari la ushahidi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuandika hata aya moja, hamishia kila dalili kwenye jedwali la safu nne: jambo, mwaka, shahidi, na daraja.

- Daraja A: mashahidi wawili wa aina tofauti wanakubaliana, kwa mfano ubao na rejista.
- Daraja B: shahidi mmoja mzuri aliyekuwepo.
- Daraja C: simulizi ya kupokewa.

Mstari wa kubuni, ili uone sura yake: "Kanisa kuezekwa bati. Kati ya 1934 na 1937. Hesabu za fedha uk. 41, bibi wawili waliohojiwa mbalimbali, matundu ya mapao. Daraja A." Angalia kwamba hatukulazimisha mwaka mmoja. "Kati ya 1934 na 1937" ni jibu kamili na la heshima.

Mashahidi wakipingana, andika wote wawili. Usichague kwa kuwa mmoja ni mkubwa kanisani.

## Hatua ya 8: Kuandika

Anza na jengo likijengwa. Msomaji aone mbao zikishuka kutoka msituni, nani amezibeba, wamelala wapi njiani, wamekula nini. Orodha za wachungaji na viongozi ziende mwishoni kama nyongeza, hazitapotea huko.

Chunguza kila sentensi yenye "lilijengwa". Lilijengwa na nani? Sentensi kama "lilijengwa na mmisionari" geuza iwe na watu wake: aliyechora, aliyepasua, aliyebeba, aliyelipa. Mmisionari apewe sehemu yake halali, bila kupungukiwa wala kuzidishiwa.

Kuna mambo machungu. Pengine watu walilazimishwa kubeba. Pengine kanisa liligawanyika na nusu ya waumini wakaondoka na kengele. Yaandike kwa lugha tulivu, taja tukio, na pale familia zinazohusika ziko hai uwasomee kabla ya wengine.

Kurasa thelathini hadi hamsini pamoja na picha zinatosha. Karibu na kila picha weka mwaka na chanzo. Mchoro wako wa rangi uwe katikati ya kitabu. Watoto wataufungua kuliko maneno yote.

Umefanikiwa pale unapoweza kuweka kidole juu ya mwaka wowote katika rasimu na kuonyesha mstari wake kwenye daftari la ushahidi.

## Hatua ya 9: Isomwe kwa sauti, kisha ihifadhiwe

Waalike wazee waliohojiwa, mketi ndani ya kanisa lenyewe kama bado limesimama, na kijana mwenye sauti nzuri asome rasimu yote. Wengi wao hawataisoma kwa macho, na ni haki yao kuisikia kabla haijachapwa. Kaa na penseli. Masahihisho yatakayokuja yatahusu zaidi majina: ukoo, tahajia, nani alikuwa kaka na nani binamu. Yachukulie kwa uzito uleule wa tarehe.

Nakala zilizochapwa zipeleke parokiani, dayosisini, maktaba ya shule ya jirani na maktaba ya taifa. Rekodi za sauti, picha na jedwali ziweke mahali patatu: kompyuta ya ofisi, diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na hifadhi ya mtandaoni. Taja mafaili kwa mwaka, mwezi na siku kwanza, halafu jina, ili yajipange yenyewe. Mteue mtu mmoja kwa jina, liingie kwenye muhtasari wa kikao, wa kuyafungua kila Januari na kuhakikisha bado yanasikika.